Mara Tatu Nilisema Tata Amegeuka

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa, kule Makongeni, Thika, nilipewa saa ya mkononi ya Mama na kiti kifupi, nikaambiwa nimlinde Tata asigeuke. Tata Wambui alikuwa mdogo wake Mama, mshonaji katika kiwanda cha nguo. Hospitali ilikuwa imeona mawe kwenye mfuko wake wa nyongo, ikampa Jumanne ya kupasuliwa. Siku niliyopewa kazi hiyo ilikuwa Jumamosi. Shosho, mama yao, hakutaka kusikia habari za kisu.

"Mtu ameshonwa kama gunia ataolewa na nani?" alimuuliza Tata, huku akikamua ndimu.

Dawa yake ilikuwa kikombe cha mafuta ya kupikia yaliyopashwa moto kidogo, na maji ya ndimu sita. Baada ya kunywa, mgonjwa alilala ubavu wa kulia, magoti yakigusa kifua, mto chini ya nyonga. Saa tatu bila kugeuka. Shosho aliamini kwamba mawe husikia mwili: ukilala vizuri yanateremka, ukigeuka yanarudi ndani yakiwa na hasira.

Tata alinywa, ikampanda hadi kooni, akaimeza tena. Dakika ya arobaini maumivu yalimshika, akageukia ukuta. Akanitazama juu ya bega.

"Shiru, tafadhali. Usiseme."

"Shosho," nikaita, "Tata amegeuka."

Shosho akaja na kikombe kingine. "Basi tunaanza upya. Kunywa."

Mama alikuwa mlangoni akikatakata mboga za sukuma. Akacheka. "Si ulisema utavumilia? Mawe kidogo tu na unalia kama mtu anazaa mapacha."

Tata akageuka tena, nikasema tena. Mara ya tatu hakugeuka. Alinyoosha mguu mmoja tu, wa kushoto, kama inchi nne. Nilijua tofauti, nilikuwa mtoto wa kupiga mistari ya daftari kwa rula hata nisipoagizwa. Lakini Shosho alikuwa ameniita "askari wangu", na nilitaka aniite hivyo tena. Nikasema amegeuka. Tata akanywa kikombe cha nne.

Jumapili asubuhi ndoo aliyojisaidia Tata usiku ilikuwa na madonge ya kijani. Nilipewa kazi ya kuyaosha na kuyahesabu: thelathini na moja. Shosho akayapanga kwenye sahani dirishani, akawaita majirani kabla ya kanisa. Wakamsifu Mungu.

"Labda bado niende tu Jumanne," Tata akasema. Midomo yake ilikuwa imekauka.

"Uende utolewe nini," Shosho akamjibu, "na mawe yako ndiyo haya?"

Majirani wakacheka. Tata naye akacheka, kwa adabu.

Walipoondoka, jua lilikuwa limeifikia ile sahani. Nikabonyeza donge moja, likapondeka kama sabuni iliyolowa. Nikajaribu la pili. Nikapangusa vidole kwenye pazia na kunyamaza, kwa sababu kama ningesema, nisingekuwa tena yule mtoto aliyeyahesabu. Miaka mingi baadaye, nikisomea kemia chuo kikuu kule Juja, nilielewa kwamba mafuta yale yale ya Shosho ndiyo yaliyogeuka sabuni tumboni. Mawe yenyewe hayakuwa yamesogea.

Jumanne Tata alienda kazini. Wiki tatu baadaye macho yake yalikuwa ya manjano na homa ilimtetemesha mpaka kitanda kikalia. Daktari alisema jiwe limeziba mrija wa nyongo na sumu imeingia kwenye damu. Tata alifariki siku ya pili.

Kwenye matanga, mbele ya kina mama wa kanisa, Shosho alieleza kwamba dawa haikushindwa. Wambui ndiye aliyekataa kutulia. "Ulizeni huyu mtoto. Alikuwa hapo."

"Aligeuka mara ngapi, mwanangu?" mama mmoja akaniuliza kwa upole.

"Mara tatu," nikasema.

Sasa naishi Ruiru, Membley. Watu wachache niliowasimulia huniambia nilikuwa mtoto, sikujua kitu. Nilijua. Nilijua kwamba mara ya tatu hakugeuka, na nilijua kwamba jiwe halipondeki kwa kidole. Hadi leo sijamwambia Shosho lolote kati ya hayo mawili, na mwezi uliopita alimlaza mtu mwingine ubavu wa kulia.