Manukato Yaliyoniua Pua

Wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, aliniua pua. Alibadilisha spiriti ya kuchanganyia manukato bila kuniambia, akanyamaza mpaka nikashindwa kunusa chochote, kisha akautangazia ukoo mzima kwamba nimemharibia biashara kwa uzembe. Naanza na hilo kwa sababu wengi wanalijua kinyume.

Shule sikwenda. Nilipofiwa, wifi alinichukua dukani kwake nifagie. Siku moja nilifungua chupa nikamwambia hii ina ndimu iliyochacha. Alicheka sana.

"Kumbe mke wa kaka ulinyimwa kalamu ukapewa pua ya paka!"

Fagio nikaliacha, nikahamia chumba cha nyuma kuchanganya.

Baridi ikiisha watu huchoka na manukato mazito, wanataka kitu chepesi. Changu kilikuwa cha pichi na tufaha lililoiva, juu yake maua meupe, na kilitoka shingoni taratibu kama mgeni anayeaga kwa adabu. Wateja walikiita Machipuko. Nikichoka kunusa, niliinamia kiwiko changu, nikavuta harufu ya ngozi yangu mwenyewe. Hivyo ndivyo pua inavyopumzishwa. Kisha narudi kwenye chupa.

Mwaka mmoja spiriti ikaja kwenye pipa la bluu.

"Wifi, mbona hili si lile la siku zote?"

"Rangi tu hiyo, mke wa kaka. Unalichanganya au unalivaa?"

Tukacheka wote. Wiki hiyohiyo dirisha likapigwa misumari, eti harufu isipotee bure. Kichwa kikaanza kuniuma, macho yakawa yananichoma. Machipuko nayo nikaiona imepooza, nikaongeza mafuta ya maua, nikaongeza tena. Pua inayokufa haikwambii kwamba inakufa. Inakwambia manukato ni hafifu. Asubuhi moja niliinamia kiwiko nipumzike, sikukuta kitu. Ni kama ule mkono haukuwa wangu.

Tayari wateja walikuwa wanarudi na malengelenge shingoni. Wifi akawaita shemeji zangu, akanisimamisha katikati ya sebule.

"Nimemtoa kwenye ufagio, na haya ndiyo malipo yake!"

Walinitazama kama sufuria iliyotoboka. Wakati huo sikujua ndani ya pipa kulikuwa na nini.

Nilikuja kujua kwa mbeba mapipa, tulipokutana bombani.

"Mama, si nilimwambia bosi ile ya bluu ni ya kuoshea mashine? Akaniambia, we teremsha, hayakuhusu."

Nikawapelekea shemeji zangu maneno hayo. Wakasema mwenye kinyongo haishiwi hadithi. Mbeba mapipa alipoitwa akasema hakumbuki. Simlaumu, anakula palepale.

Siku hizi maharage yakiungua, jirani ndiye anayenipigia kelele. Hayo nimeyazoea. Lakini nina binti mmoja, na pua yangu ameirithi yeye. Mwaka huu wifi akamwita chumba cha nyuma. Nilimkataza.

"Mama, unamwonea shangazi wivu. Si uliharibu mwenyewe? Kila mtu anasema."

Juzi alirudi kazini akifikicha macho. Akakaa, akavua viatu.

"Mama, Machipuko ya mwaka huu imepooza kweli. Leo nimeongeza mafuta mara mbili."

Nikasukuma sahani pembeni.

Kulipokucha nilikwenda dukani. Wifi alikuwa kwenye korido, kitambaa kimefunika pua na mdomo. Ndani binti yangu alikuwa akiimba kwa sauti ndogo, na chupa zinagongana.

"Wifi, twende humo ndani tukae tunywe chai."

"Nina mafua, mke wa kaka."

"Mafua gani, na unaongea kama tarumbeta?"

Akacheka, lakini miguu haikusogea. Nikamshika mkono, nikamvuta kuelekea mlangoni kama mtu anayetania. Aling'ang'ania ukuta. Mkono wake ulikuwa wa baridi, na kicheko kilikuwa kimekwisha.

"Mama, usinitie aibu!" binti yangu aliita kutoka ndani. "Nenda nyumbani!"

Wifi akajinasua, akauvuta mlango ukafungika.

"Umesikia mwenyewe. Huyu mtoto ni damu yetu pia."

Wifi hupenda kusema kwamba namdai fadhila nisizostahili. Pua yangu simdai, iliyokufa haifufuki. Namdai maneno machache, ayaseme kwa kinywa chake mbele ya shemeji zangu na mbele ya binti yangu: kwamba siku pipa lile linateremshwa, alikuwa anajua ni la nini. Mwanangu hatatoka mle kwa neno langu. Atatoka kwa neno la shangazi yake, na shangazi yake mpaka leo hajalisema.