Rafiki yangu alinikabidhi zamu zake za gemu akiwa porini Usinge. Nilichofanya kimenikosesha ushenga

Wakuu, salaam kwenu nyote na poleni na majukumu.

Nina jambo nimekaa nalo miezi kadhaa, leo nimeona nilitue hapa. Nitasimulia kama lilivyotokea, pamoja na sehemu zinazonidhalilisha. Mtakaonisema vibaya mtakuwa na haki.

Mimi ni fundi wa makochi hapa Tabora mjini. Nimezaliwa hapa, nimesoma hapa, na kibanda changu cha kazi kipo mtaa uleule ambao babu yangu alikuwa na cherehani yake. Jingine mlijue mapema: napenda sana kushindana. Hata drafti ya kijiweni nikifungwa, siku nzima siongei na mtu.

Rafiki yangu naomba nimuite Rama. Nyumba yao ni ya tatu kutoka kwetu. Tumekaa mkeka mmoja madrasa, tumetoroka pamoja, tumechapwa pamoja. Alirithi mizinga ya nyuki ya mjomba wake huko Usinge, wilaya ya Kaliua, kwa hiyo msimu wa asali yuko porini na ukiisha anarudi mjini kuuza.

Kabla sijafika kwenye gemu, kuna hili. Rama alikuwa na mchumba, Zuhura, na alikuwa ameshaniomba niwe mshenga wake. Baba yake Zuhura anauza vitambaa sokoni, mzee mkali, hapokei mtu hovyo. Mimi ananikubali kwa sababu makochi ya sebuleni kwake nimeyashona mimi.

Kwa sisi wa hapa, mshenga si mpeleka barua tu. Ndiye mdomo wa muoaji. Anapeleka maneno, anarudisha maneno, na hata ndoa ikija kuyumba miaka kumi baadaye, yeye ndiye anaitwa kwanza. Mtu akikuomba ushenga anakwambia anakuamini kuliko ndugu zake. Nilifurahi hadi nikaenda kupima kanzu mpya.

Sasa gemu lenyewe.

Aliyetuletea ni Neema, tulisoma naye sekondari, siku hizi anafanya kazi Dodoma. Ni gemu la ubao, la mikakati, ila mnacheza mtandaoni kwa zamu. Hamhitaji kuwa hewani pamoja. Wewe unaingia kwa muda wako, unapanga, unafunga, mwenzako anaingia kesho. Kila zamu ina siku tatu. Zikipita hujacheza, wapagazi wako wanaanza kutoroka.

Ndiyo, wapagazi. Gemu ni la misafara ya zamani, kutoka Ujiji hadi Bagamoyo. Una meno ya tembo, chumvi, shanga, watu wa kubeba, na kadi unazowaficha wenzako. Anayefikisha mzigo mwingi pwani ndiye mshindi.

Tulicheka sana siku ya kwanza kuona ramani. Kwihara imechorwa kama mji wa maana, na sisi Kwihara tunakwenda kulima karanga. Tura nayo ina alama kubwa ya kisima, wakati sisi tunaijua kwa steshini ya treni. Neema akatuandikia kwenye kundi letu la watatu: "Nyie ndio wenyeji, mkishindwa na mtu wa Dodoma mhame." Kwa miezi miwili ya kwanza mazungumzo yetu yote yalikuwa hayo. Nilikuwa nashona mto huku nawaza msafara wangu ulale wapi.

(Mkuu wa hapo chini uliyeuliza jina la gemu, nimelificha makusudi. Gemu halina kosa.)

Msimu wa asali ukafika. Rama akatakiwa kuingia porini wiki sita, na gemu lilikuwa katikati. Kambi yake iko mbali na Usinge penyewe, ndani huko karibu na hifadhi ya msitu. Intaneti hakuna kabisa. Kuna sehemu moja tu yenye mwinuko ambako meseji ya kawaida inapita, na kufika hapo ni mwendo wa baiskeli wa saa nzima, njia ya mchanga.

Akaja kibandani, akanipa neno la siri la akaunti yake. Akasema, "Shabani, mimi nitakuwa natoka mara mbili kwa wiki. Wewe niandikie ubao ulivyo, mimi nitakutumia zamu yangu kwa meseji, uiweke kama nilivyoandika. Nitakupigia tu ikiwa kuna jambo."

Neema alipoambiwa aliuliza swali ambalo ningelisikiliza leo ningekuwa mtu. Aliandika, "Mpinzani wake ndiye atunze akaunti yake?"

Nilikasirika kweli. Nikamjibu kwamba mimi na Rama hatuna mambo hayo. Rama naye akaandika, "Shabani ndiye anakwenda kuniposea, atashindwa kuongoza wapagazi wa kuchora?"

Wiki ya kwanza nilifanya kila kitu sawa. Meseji inaingia kwenye simu yangu, fupi, imeandikwa na mtu anayetumia kitochi, simu ndogo ya vibonyezo: "Chumvi iuze Tabora. Wapagazi kumi Kwihara." Naiweka vilevile, natoka, naingia akaunti yangu, nacheza ya kwangu. Wiki ya pili hivyohivyo.

Tatizo ni kwamba ukiwa ndani ya akaunti ya mtu unaona na kadi zake alizoficha. Nilijiambia siangalii. Nilikuwa naangalia.

Wiki ya tatu nikajua kwamba Rama ananishinda.

Niwaeleze kidogo sheria maana ndipo kila kitu kilipo. Ukitoka Tura kwenda mashariki unaingia Mgunda Mkali, pori lisilo na maji. Lazima ujaze maji Tura kwanza. Kisima cha Tura kinatosha msafara mmoja tu kwa kila mzunguko. Anayewahi ndiye anajaza. Anayechelewa, ama asubiri mzunguko mzima huku watu wake wanatoroka, ama aingie porini na kiu.

Mimi nilikuwa hatua mbili kutoka Tura, Rama hatua moja, yupo Kwihara na meno ya tembo ya kutisha. Zamu ilikuwa yake.

Meseji ikaingia mchana, nina misumari mdomoni, nagongelea kitambaa kwenye fremu ya kochi. "Msafara wote uende Tura leo. Usingoje. Jaza maji."

Nilitema misumari nikaisoma mara tatu.

Wakuu, sitasingizia shetani. Nilikaa pale nikawaza kwa utulivu kabisa. Niliwaza kwamba ni mchezo tu. Niliwaza kwamba hata angekuwa na simu yake pengine angechelewa. Niliwaza namna nitakavyowaandikia kwenye kundi nikishinda. Nikaingia akaunti yake, nikafika kwenye Kwihara, nikabonyeza "ngoja".

Halafu nikaingia ya kwangu na kadi ya mwendo wa haraka, nikafika Tura, nikajaza maji.

Rama alipoteza nusu ya wapagazi mzunguko ule. Meno yake ya tembo yakabaki yamelala Kwihara hayana wa kubeba.

Nikamtumia meseji: "Pole kaka, nilikuwa na kadi ya mwendo wa haraka, nimewahi kisima."

Majibu yake yalikuja siku tatu baadaye, alipotoka tena na baiskeli: "Haina shida. Umenizidi mahesabu. Hongera ndugu yangu."

Nilijisikia vibaya, sitaki kudanganya. Ila nilijisikia vibaya kama dakika kumi. Kisha nikaendelea kucheza, na nikashinda gemu lile, na Neema akanipongeza, na nikatamba kwenye kundi wiki nzima. Nilikuwa nikijiambia Rama akirudi nitamweleza kwa utani, tutacheka, yataisha.

Rama alirudi na madumu yake ya asali. Siku ya pili alikuja kibandani, kaniletea chupa kubwa ya asali ya msimu, ile nyeusi. Tukaongea habari za posa. Barua ilikuwa tayari, tulipanga niipeleke kwa mzee siku ya Jumapili baada ya alasiri.

Nikiwa nashona, akachukua simu yake kubwa, akafungua gemu. Lina sehemu ya kuangalia mchezo ulioisha, zamu kwa zamu, kila mtu alibonyeza nini. Hilo nilikuwa sijalijua. Miezi yote ile sijawahi kuingia hapo, kwa sababu nani anaangalia ya nyuma wakati anashinda?

Akasogeza zamu moja mbele, akairudisha.

"Shabani, hii ngoja ya Kwihara aliiweka nani?"

Sikuinua kichwa. Nikasema, "Sijui, labda meseji yako ilikuja nusu. Si unajua mtandao wa huko."

Hapa ndipo ninapojuta kuliko pote. Kubonyeza nilibonyeza kwa tamaa. Lakini pale aliponiuliza, ana kwa ana, alikuwa ananipa nafasi. Ningesema "mimi" angenitukana, tungegombana, angeondoka, kesho angerudi.

Rama akatoa kitochi mfukoni. Akafungua meseji alizotuma, akashuka nazo taratibu hadi akaifikia ile. Akakiweka kitochi juu ya kochi mbele yangu, karibu na mkasi. "Usingoje." Ilikuwa imekamilika, hata nukta ilikuwepo.

Hakupandisha sauti. Alisema tu, "Niliendesha baiskeli saa nzima kuituma hii." Akachukua simu zake zote mbili, akaniambia asalaam aleikum, akaondoka.

Nilimfuata kwao kesho yake. Nilikuwa nimejiandaa kwa hotuba. Nilimkuta uani anachuja asali, nikamwambia yote, na kadi nilizochungulia. Nikamwomba radhi. Nikalia pia, siwafichi.

Akasema, "Nimekusamehe tangu jana. Tena gemu lenyewe hata silikumbuki tena."

Nikashusha pumzi. Nikamuuliza, basi Jumapili nipite saa ngapi kuchukua barua?

Akaendelea kuchuja. Kisha akasema, "Barua nimempa Bakari."

Bakari ni fundi baiskeli wa pale mtaani kwetu. Mpole, anakokota maneno, kwa baba yake Zuhura hajawahi kuketi hata siku moja. Nikasema, Rama, mzee yule atamla mzima, hamjui, mimi ananijua!

Ndipo aliponiangalia. "Najua anakujua. Lakini mzee akisema neno, nataka linifikie kama alivyolisema. Na mimi nikisema usingoje, nataka asikie usingoje."

Nikaaga, nikaondoka, wakuu.

Bakari alikwenda. Nasikia alitetemeka hadi bahasha ikaanguka. Mzee akampenda kwa hilohilo. Posa ikakubaliwa.

Harusi imefanyika mwezi uliopita. Nilialikwa, kadi niliipata kama watu wengine. Rama alinikumbatia vizuri, akaniuliza habari za kazi, akawahi kwa wageni wengine. Bakari alikaa mbele na wazee, kanzu imemzidi mabega, anaitwa kila dakika, mshenga yuko wapi, mshenga njoo hapa. Nilikuwa upande wa masufuria, nagawa sahani.

Mama yake Rama akanifuata pale. Huyu mama amenilea, nimekula kwake kuliko nilivyokula kwetu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nimekununia, ujue. Mwenzio kakuomba ushenga, unamwambia una kazi nyingi? Makochi ya nani hayo yanayomshinda Rama?"

Nikagutuka. Nikaelewa kwamba Rama hakumwambia mtu. Si mama yake, si Neema, si Zuhura. Kila aliyeuliza kwa nini si Shabani, aliambiwa Shabani kabanwa na kazi. Yeye aliyekataa neno lake libadilishwe hata kidogo, alibadilisha la kwake ili anisitiri mimi.

Mama alikuwa bado amesimama anasubiri. Watu walikuwa mbali, hakuna ambaye angesikia. Nilikuwa na nafasi ya kusema kweli, safari hii kwa mtu ambaye angenichapa kofi na kunisamehe hapohapo.

Nikasema, "Nisamehe mama. Kazi zilinibana kweli."

Akanipiga begani kidogo, akachukua sahani, akaenda.

Nimejifunza nini? Kwamba mchezo haunibadilishi kuwa mtu mwingine. Aliyebonyeza "ngoja" ni mimi yuleyule niliyekuwa napima kanzu ya ushenga. Na nimejifunza kwamba kusamehewa na kuaminiwa ni vitu viwili. Cha kwanza nilipewa kabla sijaomba. Cha pili nimekiomba kwa machozi na sikukipata.

Karibuni mchangie, hata kwa ukali. Aliyewahi kumrudia mtu kama huyu aniambie alianzia wapi. Na mniambie hili moja: nikienda kwa yule mama nikasema ukweli, nitakuwa natubu, au nitakuwa namuumbua Rama mbele ya mama yake kwamba alidanganya kwa ajili yangu?