Mrija wa Soda Kliniki

Wiki jana nilikuwa kwenye benchi la kliniki moja hapa Eldoret, nikingoja dawa ya kikohozi, wakati mzee mmoja wa mji jirani wa Turbo alitoka kwenye chumba ambamo watu hupitishiwa stima kidogo, yaani umeme, kichwani ili waache pombe.

Mkewe alimrukia. "Baba watoto, ile pombe yako ya busaa bado unaikumbuka?"

"Busaa ni nini?"

Mimi niliacha shule darasa la saba na bado sijawahi kukosea, kwa hivyo nikamhakikishia: "Mama, kichwa kimefutwa. Sasa ni kama simu mpya."

Daktari aliyetoka nyuma ya mzee alicheka. "Kijana, stima haifuti kumbukumbu. Tunajaribu tu kupunguza tamaa."

Mama hakumsikia. Kwa furaha alimnunulia mzee soda yenye mrija. Mzee akavuta, akafumba macho, akapangusa mrija kwa kidole gumba, kisha akanipitishia kama tumezunguka chungu cha busaa, ambayo walevi huivuta kwa zamu kwa mrija mmoja.

"Zamu yako, kijana."

Nikavuta. Nikapangusa mrija. Nikasonga kumpa nafasi anayefuata. Wasomaji, mikono yangu haikuniuliza.

Mama alitukazia macho, tabasamu likamwisha.

"Daktari, usizime hiyo mashine. Mzee wangu anarudi ndani, na huyu profesa wa benchi anamfuata."