Masudi na Shimo Jeusi la Mwalimu Yasinta

Watoto wa Kolo humjua twiga asiye na shingo kabla hawajajua kusoma. Yuko juu kilimani, kwenye mwamba ulioinama kama paa la nyumba, kachorwa kwa rangi nyekundu na watu ambao hakuna anayejua majina yao. Ana miguu minne na tumbo, na kuanzia hapo ni jiwe tupu. Shingo ilikwenda wapi, kila mtoto anajua, kwa sababu Masudi amewaambia.

"Shingo ya huyu nimeila mimi."

Masudi ni mwongoza wageni, kazi aliyoianza akiwa kijana mbichi. Zamani hizo, mgeni akilalamika kwamba michoro imefifia, mwongozaji alifungua chupa akamwaga maji kwenye mwamba. Rangi ilikolea papo hapo, mgeni akapiga picha yake, kila mtu akafurahi. Maji yalipokauka yaliondoka na rangi kidogo. Masudi alimnywesha twiga yule kwa misimu mitatu, na msimu wa nne akakuta shingo haipo.

Mwingine angeficha. Masudi aliifanya aibu yake kuwa somo, na tusimwonee haya, alilipenda somo lenyewe kupita kiasi. Kila kundi la wanafunzi lililopanda kilima alilisimamisha mbele ya twiga, akasimulia dhambi yake kwa madaha, kisha akawaitikisha: "Haiguswi! Haimwagiwi maji!" Watoto walipiga kelele mpaka pelele wakakimbia mawe yao. Mzee akivimba kifua.

Aliyeitikia kwa sauti kuliko wote alikuwa mjukuu wake, Ikram, mwenye miaka kumi na mmoja. Baba yake, Athuman, alikuwa fundi ujenzi huko Mtumba, Dodoma, kwenye majengo ya serikali, kwa hiyo mtoto alilelewa na babu na bibi. Kila Jumamosi Ikram na babu yake walipanda kilima pamoja. Masudi akipaliwa na mate katikati ya hadithi, Ikram aliimalizia bila kukosea neno. Mzee alikuwa ameshaamua moyoni kwamba miguu yake ikichoka, kilima ni cha Ikram.

Ndipo akaja Mwalimu Yasinta.

Alikuwa binti wa miaka ishirini na sita, ajira mpya, kaletwa kufundisha sayansi darasa la tano. Wiki ya pili tu, Ikram aliingia nyumbani akihema, hata mkoba hajauweka.

"Bibi, naomba kanga yako ile nzito. Na jiwe la kusagia. Babu, shika pembe hizi mbili, bibi shika zile. Vuteni!"

Wakavuta, wazee wawili wamesimama uani na kanga katikati kama wanaanua nguo. Ikram akaliweka jiwe la mkononi, lile la kusagia karanga, katikati ya kanga, na kanga ikabonyea. Kisha akaviringisha gololi ukingoni. Gololi ikazunguka, ikazunguka, ikashuka, ikagonga jiwe.

"Jiwe ni nyota iliyokufa," alisema Ikram. "Nyota kubwa sana ikiisha moto wake, inajibana yenyewe mpaka inakuwa nzito mahali padogo mno. Mwalimu Yasinta anasema Dunia nzima, na vilima vyote hivi, ingebanwa mpaka ikawa kama gololi hii, ingekuwa shimo jeusi."

"Na likituvuta?" aliuliza Mwamvua, mke wa Masudi.

"Halimfuati mtu, bibi. Ukipita mbali linapindisha njia yako tu, unaendelea na safari. Ukilisogelea mno ndiyo hutoki. Hata mwanga hautoki, na hakuna kinachoupita mwanga kwa mbio."

Masudi alikuwa bado ameshika pembe zake, mikono inamuuma. Akaona upenyo.

"Kama mwanga hautoki, nani kaliona hilo shimo?"

"Lenyewe halionekani, babu. Wanaona nyota zinazunguka mahali pasipo na kitu, wanajua hapo pana kitu. Tena walipiga picha ya mwanga unaolizunguka. Mwalimu katuonyesha kwenye simu. Ni pete ya rangi ya moto, katikati giza."

Mwamvua alimtazama mumewe, akacheka mpaka kanga ikatikisika.

"Kama wivu, Baba Athuman. Wenyewe hauonekani, ila tangu mtoto aanze kumtaja mwalimu wake, mlenda wa watu unalala bakulini mwako, siku ya tatu leo."

"Nani ana wivu? Na kitoto kile?" Masudi akaachia kanga, jiwe likaanguka likamkosa mguu. "Kipya kinyemi, ingawa kidonda. Mwezi ujao watakuwa wamesahau. Ikram, kesho tunapanda saa ngapi?"

Ikram alikuwa ameinama akitafuta gololi yake. "Kesho siendi, babu. Mwalimu anatufundisha tena asubuhi. Jumamosi zote za mwezi huu."

Jumamosi hiyo Masudi alipanda na wageni watatu kutoka Dodoma. Alipopaliwa na mate mbele ya twiga, hakuna aliyeimalizia hadithi. Wageni walisubiri kwa adabu amalize kukohoa. Aliteremka amemchukia yule binti chuki ya wazi, isiyo na sababu ya kutaja mbele za watu, na hilo lilimkera zaidi. Kama angekuwa mvivu au mwenye dharau, angalau angepata cha kusema.

Hakuwa na dharau hata kidogo. Wiki mbili baadaye Yasinta alikuja mwenyewe mpaka nyumbani, akapiga goti.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba."

"Nimekuja kuomba. Nataka darasa langu lipande kilimani, uwafundishe wewe. Nimewaambia kuna mwanga wa nyota unaotufikia leo, lakini ulianza safari wakati watu wale wanachora. Nataka waione hiyo michoro wakiwa na wewe."

Mgeni njoo, mwenyeji apone, wasemavyo. Masudi alikubali kwa sauti tamu, usiku hakulala vizuri. Alijipangia maneno yake yote. Siku ile Ikram angerudi upande wake, na darasa zima lingeona nani hasa anajua mambo.

Siku ilipofika walipanda watoto arobaini, mwalimu nyuma, Masudi mbele na fimbo yake na chupa ya maji kiunoni. Alianza na twiga. Wakaitikia, "Haiguswi! Haimwagiwi maji!" lakini alisikia wameitikia kama watu wanaomaliza kazi. Walikuwa wameshaisikia hadithi ile mara ngapi! Hajafika mwisho, mtoto mmoja akainua kidole.

"Mwalimu, hawa waliochora walikuwa wanaliona shimo jeusi?"

Hakumwuliza Masudi, alimgeukia mwalimu. Yasinta akajibu kwa kifupi kwamba sisi wenyewe hatulioni, akaelekeza mkono wake mbinguni, na shingo arobaini zikageuka naye. Watoto wote wakawa wameupa mwamba mgongo. Ikram alikuwa ameshika mkono wa mwalimu, mdomo wazi, macho juu. Hivyo ndivyo alivyokuwa akimtazama babu yake.

Masudi akagonga fimbo yake chini.

"Mnataka pete?" alisema kwa sauti ambayo hakuitambua. "Njooni niwaonyeshe pete. Yangu haihitaji chaji."

Kwenye kona ya mwamba kulikuwa na duara, duara ndani ya duara, jekundu, limefifia kiasi kwamba aliyeonyeshwa tu ndiye aliliona. Watoto wakasogea, wakakunja macho. "Iko wapi?" "Mimi sioni." Mmoja akacheka. Masudi akafungua chupa, akamwaga maji.

Mwamba ulilia, ukanywa, na duara likaja juu jekundu kama limechorwa asubuhi ile. Maduara matatu, na katikati weusi wa jiwe lililolowa.

"Aaaah!"

Sauti arobaini, kwa ajili yake. Yasinta mwenyewe aliachama. Masudi akageuka kuuchuma ushindi wake, akautafuta uso mmoja tu miongoni mwa nyuso zote.

Ikram hakuwa amesema "aaah". Alikuwa ameachia mkono wa mwalimu, anatazama chini ya duara, ambako mchirizi mwembamba mwekundu ulikuwa unateremka kwenye jiwe. Aliinua mkono ili auzuie, kisha mkono ukasimama hewani, kwa sababu haiguswi. Alifundishwa na babu yake.

"Babu," alisema, "itarudi?"

Mtu mzima ana uongo wake wa kutosha kwa maswali kama hayo. Masudi aliutafuta hakuupata.

"Hairudi."

Mchirizi ukafika kwenye vumbi. Maji yakimwagika hayazoleki, tunaambiwa, lakini wivu wake Masudi ulikuwa umemwaga na visivyo maji. Yasinta hakumlaumu, aliwapanga watoto mstari na kuwateremsha polepole. Ikram alishuka nao. Hakugeuka nyuma, na Masudi alibaki pale juu mpaka mwamba ukakauka, ili aone kimebaki nini. Maduara mawili yalibaki. La tatu, la ndani, lilikuwa kivuli.

Asubuhi yake alikwenda mwenyewe kwa mkuu wake wa kazi akaeleza yote. Alisimamishwa mwezi mzima. Hakujitetea, na nyumbani Mwamvua, mtu wa utani siku zote, hakumtania. Ikram alimwamkia kila asubuhi, "Shikamoo, babu," akaenda shule. Masudi angelipenda zaidi amgombeze.

Jumamosi ya kwanza baada ya kifungo chake kuisha, kulikuwa na shule ya kutoka Kondoa mjini. Masudi alipotoka ndani na fimbo yake alimkuta Ikram kakaa kizingitini, kavaa viatu. Wakapanda.

Mbele ya twiga akapaliwa na mate, akakohoa, na Ikram akaichukua hadithi palepale ilipokatikia. "Babu yangu alimmwagia maji akiwa kijana, hajui. Shingo yake aliila yeye." Watoto wa mjini wakacheka. Kisha wakafika kwenye kona, kwenye duara, na Ikram hakuendelea. Alimtazama babu yake, akasubiri.

"Na hili," alisema Masudi, "la katikati nimelila mimi. Wala sikuwa kijana. Nilikuwa najua."

"Sasa kwa nini ulimwaga?" aliuliza mtoto wa mbele.

"Wivu."

Hakuna aliyecheka. Ikram akanyoosha mkono, akaifungua chupa ya maji kwenye mkanda wa babu yake, akaifunga kiunoni kwake. Jua lilikuwa kali na njia ya kushuka ni ndefu. Masudi aliteremka nyuma yake na kiu yake mpaka barabarani, hakuomba.