Joka Lililogeuka Samaki

Mkuu wetu wa shule alitaka kuifuta klabu ya katuni za Kijapani, akisema zinafundisha ushetani. Mimi ndiye mlezi wa klabu, kwa hiyo nikajitolea kuitetea mbele yake na wanafunzi.

Wanafunzi walinipa flashi yenye vipande vyote vya katuni wanayoipenda. Majina ya mafaili yalikuwa kwa Kijapani, nami nikafuata mpangilio wa televisheni yangu nyumbani, mtaa wa Katubuka. Siku mbili nzima niliandika kila kitu daftarini. Shujaa alianza na mchoro wa joka la Kichina mgongoni, akiongoza vita. Akaishia na mchoro wa samaki mdogo, akimlilia mama yake, anaogopa hata kuoga ziwani. Mwisho huo uliniudhi, lakini badala ya kujiuliza nikautafutia maana. Mjinga mwenye daftari ni hatari.

"Joka ni kiburi," nilitangaza ukumbini. "Samaki ni unyenyekevu. Kijana amekua!"

Mkuu aliitikia kwa kichwa. "Kumbe kuna mafunzo."

Laiti ningeishia hapo hapo. Nikauliza kama kuna swali. Zawadi wa kidato cha pili akasimama.

"Shikamoo mwalimu. Samahani, Wachina husema samaki akipanda maporomoko ndipo anageuka joka. Shujaa anaanza mwoga, anaishia jasiri. Nadhani ulianza na kipande cha mwisho."

"Kamkuza kinyumenyume!" mmoja akapiga kelele nyuma, na ukumbi ukalipuka.

Mkuu alijifuta machozi ya kicheko. "Klabu ibaki," akasema. "Mlezi awe Zawadi."