Aligeuka Kuongea na Kiti Kitupu

Hapana, hakuwa amelewa! Nyinyi watu wa soko la Busia mmenichosha. Rafiki yangu ameanguka na ndege isiyo na injini, siku ya kwanza kuirusha peke yake bila mwalimu, na udongo wa kaburi haujakauka mshaanza: "Si tulisema? Mtu wa baiskeli atajua ndege wapi?"

Sawa, wa baiskeli alikuwa. Alivusha abiria mpakani, na mdomo wake ulikuwa mrefu kuliko barabara ya Malaba. Kwake, kumnyamazia abiria ni kama kukaribisha mgeni nyumbani umnyime hata maji. Basi anageuka nyuma, anakupigia hadithi, baiskeli inajiendea. Siku moja alimbeba mama wa samaki wa Port Victoria, akawa anamuulizia watoto mmoja mmoja, mpaka wakaishia mtaroni. Mama ana visamaki vya omena mpaka kwa nywele, anafoka, "We kijana, tazama mbele!" Jamaa anamjibu, "Pole mama. Lakini hujaniambia, yule mdogo ameanza kutembea?"

Akaenda Bonde la Ufa, akapata kazi ya kufyeka nyasi kwa kiwanja cha hizo ndege. Mwalimu wao, mzungu, akampenda, akaanza kumfundisha, yeye mbele, mwalimu nyuma. Alipokuja likizo alituambia, "Bwana, ni kama kuteremka mlima bila kukanyaga pedali, na abiria unaye!"

Huyo mwalimu alikuja matangani kwao Adungosi. Akamwambia mama ya marehemu alichoona akiwa chini: ndege inakata kona itue, kichwa kimegeuka nyuma, bawa likagonga mti. Nyuma hakukuwa na mtu. Mama akacheka, machozi yanatoka. "Alikuwa anauliza habari za nyumbani."

Halafu mwalimu akasema nafasi ya kujifunza kurusha bado iko. Mdogo wa marehemu, fundi wa baiskeli hapa mjini, akainua mkono, na nyinyi mkamzomea mpaka akaushusha. Tuna Uhuru, bendera iko juu, lakini mtu wetu akipanda kidogo tunamvuta miguu. Kaka aliuawa na kugeuka. Huyu mdogo mnamjua, ukimsalimu Jumatatu anaitikia Alhamisi! Atageuka aongee na nani? Tangu matanga anatengeneza baiskeli akiangalia juu, na mama yake ameshamkubalia. Amebaki kuwaogopa nyinyi. Sasa niambieni ukweli: mnaogopa ataanguka, ama mnaogopa atatua salama?