Ua la Tano kwenye Gitaa la Mzee

Nianze na waliokuwepo, msije mkasema nimesahau. Jumapili ile nyumbani kwa Kariuki, Lavington, alikuwepo Kariuki mwenyewe, kifungua mimba wangu, mkewe Wairimu, wazazi wa Wairimu, mimi, na Nyokabi, binti wa Wangari, kitinda mimba wangu. Nyokabi amebeba jina langu, kama desturi yetu inavyotaka mama akizaa bila mume. Wangari hakuwepo. Hajawahi kualikwa nyumba ile.

Kariuki akawaonyesha wakwe zake gitaa la marehemu baba yake, limening'inizwa ukutani kama picha. Akasema, "Mzee alituwekea haya maua ya mfupa hapa shingoni, sisi watoto wake wanne." Nyokabi akatazama sahani yake. Mimi nikaweka kikombe chini.

Wanne? Kariuki, Muthoni, Kamau, Njambi, Wangari. Niliwazaa mimi.

Sasa niwaambie. Miaka ile ya elfu mbili na kitu, hapo Kinoo tulikuwa bado na kahawa nyuma ya nyumba. Wangari alikuwa amerudi nyumbani na mtoto. Mume wangu Njoroge, sukari ilikuwa imemla macho, lakini jioni alikaa barazani na kumfundisha Nyokabi gitaa, mimi nikichoma mahindi kando yao. Shingo ya gitaa ilikuwa nyeusi tupu, haina alama, na kidole chake kikawa kinapotea. Akasema anataka maua matano ya kahawa, ya mfupa, yatiwe ndani ya ule ubao mweusi, kila mtoto ua lake, kwenye nafasi za vidole: ya tatu, ya tano, ya saba, ya tisa, na ya kumi na mbili. Mfupa ni laini na baridi kuliko mbao, alisema, kidole kitaujua tu.

Nilikwenda mwenyewe Kenyatta Market kwa Mutua mchoma nyama, nikachagua mifupa ya miguu ya ng'ombe, nikaichemsha mpaka mafuta yakaisha, nikaianika juu ya mabati. Mbwa wa jirani yetu mama Wanja walikesha kwetu. Kariuki akachukua mifupa na gitaa akapeleka mjini kwa Fundi Harbans, yule wa kilemba.

Liliporudi, Mzee alipitisha kidole polepole. Nafasi ya tatu, ya tano, ya saba, ya tisa. Akafika ya kumi na mbili, akarudi, akafika tena.

"Wangari yuko wapi?"

Kariuki akasema mfupa uliisha. Mifupa niliyoianika mimi, ya kutosha magitaa kumi! Wakati huo alikuwa ameanza kupima shamba ajenge nyumba za kupangisha, na dada aliyerudi nyumbani hakuwa kwenye ramani yake. Mzee aliliweka gitaa chini. Jioni ile hakuligusa tena.

Kesho yake nikabeba gitaa, nikamshika Nyokabi mkono, tukaenda mjini. Fundi Harbans hakunificha. "Mama, kijana yako alisema nne. Mimi nakata ile naambiwa."

Nikamwambia akate la tano nikiona. Akalegeza nyuzi, akachora ua kwenye mfupa uliobaki, akalikata, akachimba ubao kwa patasi nyembamba kama kijiti cha meno, akabandika mfupa kwa gundi iliyochanganywa na vumbi la mbao nyeusi, akasugua mpaka ukalala sawa na ubao. Nyokabi alipuliza vumbi. Nilikaa pale mpaka gundi ikakauka, sikunywa hata maji.

Mzee akacheza tena, mpaka alipotuacha. Kahawa iling'olewa. Baraza sasa ni ngazi ya ghorofa. Na gitaa Kariuki alilibeba siku tuliporudi kutoka makaburini, akisema analitunza.

Basi Jumapili ile nikasimama, nikalitoa ukutani, na maua yake yote matano. Wairimu akasema, "Mama, litaanguka." Nikamwambia limeshaanguka. Nikamwekea Nyokabi mapajani, nikatoka naye akilibeba, na hakuna aliyetufuata mpaka getini.

Nimeandika majina yote kama ninavyoyakumbuka. Kama mbwa hawakuwa wa mama Wanja, au mchoma nyama hakuwa Mutua, nisahihisheni, mimi ni mzee. Lakini anayetaka kunisahihisha idadi ya watoto wangu, aje kwanza kwa Nyokabi, afumbe macho, apitishe kidole.